Muhuri wa Ndala ya Kulia

TAARIFA KWA UMMA

Serikali Tukufu inayo furaha, heshima na taadhima kuutangazia umma kwamba hadithi ifuatayo imekaguliwa na kuonekana haina madhara kwa watoto, wazee wala mifugo, na kwamba mwandishi wake ni raia mwema asiye na hatia ya aina yoyote. Imetolewa leo, saa tatu asubuhi.

TAARIFA KWA UMMA

Taarifa ya saa tatu imetenguliwa. Imetolewa leo, saa tatu na dakika tano.

Usishangae, msomaji. Katika nchi yetu dakika tano ni muda mrefu sana. Yupo waziri aliyeteuliwa akiwa chini ya ngazi za Jumba Kuu, akatenguliwa alipofika ngazi ya tisa. Ngazi hiyo sasa ina jina lake. Mke wa mkuu wetu wa wilaya hutundika mapazia kwa vibanio vya nguo ili yang'oke upesi, na mkuu mwenyewe hunywa chai amesimama, mkono mmoja kwenye kikombe na mwingine kwenye sanduku. Kila siku saa saba mchana, ngoma ya taarifa ya habari ikilia redioni, watu wakubwa wote hubaki na kijiko hewani mpaka majina yaishe kusomwa. Ndipo humeza.

Mambo haya yana maneno mawili tu, kuteuliwa na kutenguliwa, na ukisikiliza kwa redio yenye betri chovu huwezi kuyatofautisha. Mjomba wangu alisikia vibaya akachinja mbuzi wawili. Wageni walikula kwa adabu, kisha wakamsaidia kuhamisha vitu.

Ili wananchi wasichanganyikiwe, ipo Sheria ya Maneno ya Kurudisha Nyuma. Tunafundishwa shuleni na ninaikumbuka vizuri. *Kuahirisha* maana yake jambo litafanyika, ila si leo. *Kusitisha*: halitafanyika, ila msiondoke. *Kufuta*: halitafanyika, ondokeni. *Kubatilisha*: halikufanyika, hata kama mlikuwepo mkaliona kwa macho. Na juu ya yote lipo *kutengua*, neno kubwa kuliko yote, lenye ofisi yake ya ghorofa nane ambayo lifti yake inafanya kazi kwa kushuka tu. Sheria inamalizia kwa herufi kubwa: KILICHOTENGULIWA HAKITENGULIWI.

Kumbuka hilo. Mimi nililisahau. Samahani, ninamaanisha mwanafunzi mmoja alilisahau.

*

Mwanafunzi huyo, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa sababu za kibinadamu, alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Bweni ya Wasichana ya Mawe Manne. Mimi nasoma hapohapo, ndiyo maana nayajua haya kwa undani.

Mkuu wetu wa shule alikuwa Bi Nyanzala. Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile, jambo ambalo halijawahi kutokea nchini mwetu. Wengine walisema Serikali ilimsahau. Alikuwa pia akifundisha Kiswahili vidato vyote, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na koma.

Nieleze alivyokuwa. Mwaka jana, baada ya tukio la chura ndani ya begi la Mkaguzi wa Shule, bodi iliamua kwamba mwanafunzi yuleyule niliyemtaja afukuzwe. Barua ikaandikwa, ikaletwa mezani kwa Bi Nyanzala isainiwe. Akaweka kikombe cha chai juu yake. Akanywa chai taratibu siku tatu mfululizo, kikombe hapohapo, mpaka barua ikawa doa. Bodi ilipouliza, alijibu, "Barua imelowa." Basi. Hakutangaza kitu. Alimwita yule mwanafunzi akamwambia, "Kwenye insha yako umeandika 'kwahiyo' kama neno moja. Ni maneno mawili. Nenda darasani."

Sasa, mwezi uliopita mtu fulani aliivalisha kengele ya shule soksi. Kengele ikagongwa, ikasema *buf*, na shule nzima ikalala mpaka saa mbili. Bi Nyanzala hakuuliza ni nani. Aliifuta tu safari ya kidato cha tatu ya kwenda Maonyesho ya Kilimo, ambako kulikuwa na bembea, na wavulana wa shule ya jirani.

Mwanafunzi wetu akaona huo ni uonevu. Akachukua ukurasa wa gazeti wenye tangazo la utenguzi ili aige maneno yake ya kiserikali. Akachukua ndala yake ya kulia, akakata kisigino kwa wembe, akachonga juu yake OFISI KUU YA UTENGUZI, herufi zote kinyumenyume. Akapaka wino wa kalamu tatu za bluu. Muhuri ulitoka vizuri mno. Nasimulia nilivyosikia.

Alikusudia kuandika kwamba *uamuzi* wa Mkuu wa Shule kufuta safari umetenguliwa. Lakini mkono ulikuwa unanakili gazeti, na katika magazeti yetu neno "umetenguliwa" halijawahi kutanguliwa na neno lingine isipokuwa moja. Jumatatu asubuhi ubao wa matangazo ulisema hivi:

*Uteuzi wa Mkuu wa Shule ya Wasichana ya Mawe Manne umetenguliwa kuanzia leo. Kwahiyo wanafunzi wa kidato cha tatu waendelee na maandalizi ya safari bila kuchelewa.*

*

Wa kwanza kuiona alikuwa makamu, Mwalimu Chaurembo, mtu mwembamba anayewasalimia hata wanafunzi shikamoo pale akili inapokuwa mbali. Aliisoma, akavua kofia, akaisoma tena, akabana miguu kama anayeimba wimbo wa taifa. Kisha akakimbilia simu ya ofisini. Sisi tuliokuwa tukifagia dirishani hatukuwa tukisikiliza, ila tulisikia.

"Ofisi Kuu? Mheshimiwa, hapa Mawe Manne. Tumepokea utenguzi wenu... Ndiyo, muhuri upo... La, si duara. Umekaa kama yai."

Simu ikanguruma.

"Wa duara ni wa mikoani? Kumbe! Ndiyo, wa bluu. Basi ni wenu kweli... Hongera ya nini, Mheshimiwa?... Mimi? Nakaimu?"

Akakaa kwenye kiti cha Bi Nyanzala. Akaruka kama kimemuunguza. Tangu dakika hiyo alifanya kazi zote za ukuu wa shule akiwa wima, faili kifuani, kiatu kimoja nje ya mlango.

Bi Nyanzala alifika saa mbili. Tulimpisha. Alisoma barua mpaka mwisho, akatoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akazungushia duara neno moja, akairudisha kalamu mahali pake.

"Barua imefika," alisema. "Mbona mmesimama? Darasani."

Saa saba barua ilisomwa redioni. Ofisi Kuu haikutaka kuonekana imechelewa kulijua jambo lake yenyewe. Msomaji wa habari aliisoma yote, pamoja na maandalizi ya safari, na jioni mchambuzi mmoja akaeleza kwamba hayo ni maelekezo mazito yenye maana pana kwa taifa.

Wanaotenguliwa nchini mwetu hupelekwa mji unaoitwa Subirini. Huko wanaishi mawaziri, wakurugenzi na mabalozi wa zamani, wote ndani ya suti, viti vyao vimeelekea redio. Hawafanyi kazi nyingine. Lori la kumchukua Bi Nyanzala lilipangwa kuja Ijumaa saa sita mchana. Na aliyekwenda Subirini hajaonekana tena akifanya kitu chochote, hata kurekebisha koma.

*

Wiki hiyo nilikuwa nachechemea. Ni bahati mbaya tu iliyoangukia wiki hiyo.

"Mguu umefanyaje?" aliniuliza Tunu, ambaye kitanda chake ni cha chini na changu cha juu.

"Nimeteguka."

"Umeteguka kisigino cha ndala?"

Nikavuta ndala chini ya shuka.

"Panya wameila, Tunu."

"Hao panya wanajua kukata kwa rula." Akanitazama. "Shoga, mwambie."

"Nimwambie nani? Nini?"

"Haya. Endelea kuteguka."

Nje kila mtu alikuwa hatulii. Mwalimu wa hesabu alianza kufundisha na koti begani. Mpishi akawa anapakua maharage kabla hayajaiva, asije akatenguliwa yangali jikoni. Hata paka wa shule alihama ofisini akaenda kukaa juu ya ukuta, miguu miwili ndani, miwili nje.

Bi Nyanzala peke yake ndiye aliyetulia. Kanuni zinasema aliyetenguliwa asionekane ndani ya eneo la kazi, na kanuni nyingine zinasema asiondoke mpaka lori lifike. Akaitii kila moja. Alilitoa tranka lake nje ya geti, hatua moja kutoka kwenye mstari, akalikalia. Kipindi cha Kiswahili kilipofika, tulikwenda kukaa chini upande wa ndani, naye akafundisha kutoka upande wa nje. Mwalimu Chaurembo alipita akaona, akajifanya anahesabu miti.

Jumatano alifundisha maneno yanayoandikwa pamoja na yasiyoandikwa pamoja.

"Kwa hiyo," alisema. "Maneno mangapi?"

"Mawiliii!" darasa likajibu.

"Wote mnajua?"

"Wooote!"

Akatembeza macho safu kwa safu. Yalipofika kwangu nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, ingawa nilivaa ndala.

Siku hiyohiyo tuliandika maombi kwenda Ofisi Kuu kwamba utenguzi utenguliwe. Jibu lilikuja kwa haraka ya kutisha. Lilisema utenguzi ni kama sweta: ukivuta uzi mmoja, lote linafumuka. Ukimrudisha mwalimu mmoja, Subirini nzima itasimama na suti zake ije kudai viti, na viti vyenyewe vimeshakatwa miguu kwa sababu za kiusalama. Wanafunzi waendelee na maandalizi ya safari.

Alhamisi sikula. Nilisema ni mguu.

*

Ijumaa lori lilifika saa nne, kwa sababu dereva aliogopa kutenguliwa kabla ya saa sita. Nyuma yake likaja gari jeusi la Afisa Mkuu wa Utenguzi, Mheshimiwa Dokta Mbwambali, ambaye hupenda kusimamia mwenyewe tranka linapopakiwa. Ni mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Shule nzima ilipangwa mstarini.

"Wananchi, wanafunzi, na waliotenguliwa!" alianza. "Serikali yenu haikosi. Serikali yenu inarekebisha. Na inaporekebisha haikuwa imekosea, bali ilikuwa imetangulia kurekebisha kile ambacho baadaye..." Hapo alipotea kidogo ndani ya sentensi yake, akapiga makofi ili tupige. Tukapiga.

Wanaume wawili wakashika tranka. Bi Nyanzala akasimama ili walichukue. Alikuwa ameshika rundo la madaftari yetu, yaliyosahihishwa yote, akamkabidhi Mwalimu Chaurembo moja moja kama anayekabidhi mayai.

"Daftari la kidato cha tatu B lina majani yaliyolegea," alimwambia. "Lisimwagike."

Mwalimu Chaurembo akaanza kulia, akiwa wima.

Tunu akanibinya ubavuni. Mguu wangu wa kulia, wenyewe, bila idhini ya kichwa, ukapiga hatua mbele. Kwa kuwa ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, karibu nianguke.

"Mheshimiwa," nikasema, "barua ile haikutoka ofisini kwako. Ni ya kughushi."

"Haiwezekani. Tumeisoma redioni."

"Iliandikwa hapa shuleni."

"Nani kaiandika?"

"Sikudhani."

"Hilo si jibu, binti. Hata mimi sikudhani ningekuwa daktari."

"Ni jina, Mheshimiwa."

"Jina la nani?"

"Langu. Sikudhani Mwakaje, kidato cha tatu B."

Ndiyo, msomaji. Yule mwanafunzi mmoja ni mimi. Chura ni mimi. Soksi ni yangu, na bado ina mwenzake. Nadhani ulishajua, lakini nilikuomba heshima kidogo na umenipa, asante.

Dokta Mbwambali hakukasirika. Alinitazama kwa huruma.

"Binti, barua ilikuwa na muhuri wetu."

Nikavua ndala, nikatoa mfukoni kisigino chake kilichokatwa, nikakikandamiza kwenye vumbi jekundu la pale getini. Nilipoinua, yai likabaki chini, limeandikwa vizuri. Yeye akatoa muhuri wake mfukoni, akachuchumaa kwa shida, akagonga pembeni. Akalinganisha.

"Wetu herufi Z imekatika mkia," alisema.

"Wangu pia. Wembe uliteleza."

"Basi ni halisi!"

"Mheshimiwa, ni ndala!"

Alibaki amechuchumaa kitambo kirefu. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemtoka na sauti ya mikutano imepungua.

"Sasa niiteje?" aliuliza, na nafikiri aliuliza kwa kweli. "Kuitengua siwezi. Kilichotenguliwa hakitenguliwi. Kuifuta ni kushuka ngazi. Nikiibatilisha, nitakuwa nimebatilisha taarifa ya habari nzima ya Jumatatu, na humo mlikuwa na hali ya hewa. Mvua iliyokwisha kunyesha itakwenda wapi? Nikiisitisha, huyu mama atabaki getini milele. Hakuna neno! Miaka ishirini na mbili niko kazini, nayajua maneno yote ya kurudisha nyuma, na hili halina neno."

"Lipo," akasema Bi Nyanzala.

Watu wote wakamgeukia. Wale wawili wakaweka tranka chini.

"Ni moja tu, si mawili," aliongeza. "Sikudhani analijua. Nilikuwa namsubiri tangu Jumatatu."

Nilitazama vumbi. Pale chini kulikuwa na mayai mawili ya OFISI KUU YA UTENGUZI, na unyayo wangu mtupu katikati.

"Nimekosea," nikasema.

"Rudia," akasema Dokta Mbwambali, daftari mkononi. "Taratibu."

"Ni-me-ko-se-a."

Akaandika. Akalisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ni la Kiswahili?"

"Sanifu," akajibu Bi Nyanzala.

"Mbona halimo kwenye Sheria?"

"Hamkuniuliza, Mheshimiwa."

Akajaribu kuliandika kiserikali. Aliandika *tumekosea*, akakata. Akaandika *imekosewa*, akatabasamu, akaongeza *na mtu mwingine*. Akagonga muhuri, kisha kwa hadhari akaomba muhuri wangu wa ndala agonge na huo. Barua haikuwahi kuwepo, alitangaza, ila imekosewa. Bi Nyanzala harejeshwi, kwa kuwa hakuondoka. Tranka tu ndilo lilitoka kupunga upepo.

Tulipiga kelele mpaka paka akaanguka ukutani, upande wa ndani.

Sherehe iliendelea mpaka ikakatwa na ngoma ya redio ya dereva. Saa saba ilikuwa imefika. Uteuzi wa Afisa Mkuu wa Utenguzi, ikasema redio, umetenguliwa kuanzia leo. Sababu haikutajwa. Dokta Mbwambali alisikiliza mpaka mwisho, akakabidhi funguo za gari jeusi kwa mtu asiyemjua, akapanda lori lililokuja kumpakia mwingine. Kabla halijaondoka aliinama dirishani.

"Mwalimu, naomba uniandikie lile neno kwenye karatasi. Huko ninakokwenda kuna watu wengi wanaolisubiri."

Bi Nyanzala akamwandikia, kwa herufi kubwa.

*

Baadaye aliniita ofisini. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na Mwalimu Chaurembo alikuwa amekaa kwenye cha kwake, cha kwanza kukaliwa naye tangu Jumatatu, amelala fofofo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. 'Kwahiyo,' Sikudhani. Neno moja. Mara thelathini na moja nimekusahihisha."

"Ulijua tangu asubuhi ile?"

"Kabla sijafika nukta."

"Kwa nini hukusema? Wangekupeleka Subirini!"

"Barua ilikuwa yako. Ningeirudishaje mimi?" Akainua kikombe, akatazama chini yake kama anayetafuta doa. "Ya mwaka jana ilikuwa yangu kuilowesha. Hii, la."

Adhabu zangu zilikuwa tatu: vyoo wiki mbili, kuandika "kwa hiyo" mara mia tano, na kuandika mambo haya yote yalivyotokea bila kumficha mtu. Na safari ya Maonyesho? "Imefutwa," alisema, "na neno hilo unajua ngazi yake."

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Niliipeleka leo asubuhi, akaisoma yote, kalamu nyekundu mkononi, asiiguse hata mara moja. Nikaaga. Nilikuwa nimefika mlangoni.

"Sikudhani. Mbona huchechemei?"

"Nimepona, Mwalimu."

"Geuza nyayo."

Niligeuza. Ndala ya kulia haina kisigino. Na ya kushoto sasa haina pia, ndiyo maana natembea sawasawa.

"Iko wapi barua?"

Nikaitoa kwenye soksi, ile iliyobaki. Ilikuwa bado haijagongwa muhuri. Ilisema kwamba *uamuzi* wa kufuta safari ya kidato cha tatu umetenguliwa, na kwa hiyo wanafunzi waende.

Aliisoma mpaka mwisho. Kalamu ilisogea kwenye "kwa hiyo", ikasimama juu yake, ikarudi kwenye nywele.

"Maneno mawili," alisema. "Kumbe unafundishika." Kisha akaweka kikombe cha chai juu ya barua na kuninyooshea mkono. "Leta wembe. Halafu urudi ukaiongeze hii kwenye hadithi, maana nilikuagiza usimfiche mtu."

Nimekosea.